Mtendaji Aliyenyimwa Moto

Nilishuka kwenye lori la pamba saa tano asubuhi, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, mkononi nimeshika barua ya uteuzi na mgongoni nimembeba mtoto. Barua ilisema kwamba mimi ni Mtendaji wa Kijiji. Kwa ninyi mliokua mkimwona Mtendaji akipita na pikipiki bila kujua anakwenda kufanya nini, niseme kwa kifupi: huyo ni mkono wa serikali kijijini. Huandika mihtasari ya vikao, hutunza daftari la wakazi, husimamia sheria ndogo na hushika mhuri. Mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji, lakini Mtendaji huletwa. Tofauti hiyo niliisoma chuoni nikafaulu mtihani, ila kuielewa nikaja kuielewa baadaye, tena kwa fimbo.

Kijiji chenyewe kipo Shinyanga. Jina lake naliweka mfukoni, maana wajukuu wa hao nitakaowataja wapo hai na mdomo wanao. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mume wangu alibaki Dar es Salaam akiahidi kunifuata, mpaka leo yupo njiani. Nilikuwa na binti yangu Salma wa miaka mitatu, basi watu wakaniita Mama Salma. Wazee waliniita Mayu, ambalo kwa Kisukuma ni mama, ingawa wengi wao wangeweza kunizaa.

Mtendaji niliyempokea alikuwa mtu mzima mwenye haraka ya kuondoka. Alinikabidhi mhuri mmoja, kibweta cha wino, bendera, madaftari manne, karatasi za kaboni, baiskeli ya ofisi na kiti chenye miguu mitatu. Tukasaini hati ya makabidhiano. Alipokwisha kufunga mzigo wake akaniambia, "Mama, hapa kuna serikali mbili. Hii niliyokukabidhi ina mhuri. Ile nyingine ina watu." Alikuwa ananuka pombe ya mtama, nikadhani ndiyo inayosema. Akapanda lori lilelile lililonileta, sikumwona tena.

Bosi wangu wa karibu alikuwa Katibu Tarafa, cheo ambacho siku hizi mnakiita Afisa Tarafa. Alikuwa mtu mrefu, aliyepitia jeshini, suruali yake imepigwa pasi hata wakati wa masika. Agizo lake la kwanza kwangu lilikuwa sheria ndogo ya ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, halafu linafunguliwa kiangazi ng'ombe wanapokosa pa kula. Usukumani, kijiji kisicho na ngitili ni kijiji kinachokusubiri uje kuhesabu mizoga. Nikaandika tangazo, nikaligonga mhuri, nikalibandika ukutani, nikaitisha mkutano mkuu. Walikuja watu kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wanapita tu.

Wiki moja baadaye nikasikia pembe ikipigwa alfajiri. Nilipotoka nje nikaona kijiji kizima kinaelekea upande mmoja na majembe begani, vijana kwa wasichana, wanaimba. Walikwenda kwenye shamba la mtu aliyekuwa mgonjwa, na kabla jua halijakolea palizi ilikwisha. Katikati yao alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, shati lina viraka, hana haraka wala hapigi kelele, lakini alipoinua mkono mstari mzima ulisogea. Jina lake Masunga. Nikamwendea na daftari langu.

"Wewe ni nani katika serikali ya kijiji?" nikamuuliza.

"Mimi?" Akacheka. "Mimi si mtu, Mayu. Mimi ni nsumba ntale tu."

Niliambiwa kwamba maana yake ni mkubwa wa vijana. Nikarudi ofisini nikaandika: *Masunga. Hana cheo.* Daftari hilo ninalo mpaka leo, na kila nikilifungua ukurasa ule naona haya upya.

Basi mwaka huo ngitili ikakua vizuri, hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeingia. Nikaandika kwenye taarifa kwamba sheria ndogo yangu inatekelezwa ipasavyo. Katibu Tarafa akanisifu kikaoni mbele ya watendaji wenzangu, nami nikainama kama mtu mnyenyekevu huku kichwa kimevimba.

Ulipofika mwezi wa saba akafariki bibi mmoja wa kitongoji cha mwisho, kule kwenye mteremko wa mto mkavu. Habari ilinifikia asubuhi, nami nilikuwa na ripoti iliyotakiwa kufika tarafani jioni ileile. Nilikwisha fundishwa kwamba ofisi ikipata udhuru hutuma mwakilishi. Nikamwita mgambo wa kijiji, nikaketi, nikaandika barua ya rambirambi. Ilikuwa na kumbukumbu namba. Ilianza hivi: *Ofisi ya Serikali ya Kijiji imepokea kwa masikitiko makubwa taarifa ya kifo cha marehemu tajwa hapo juu.* Hapo juu nilikuwa nimeandika "Yah: Msiba". Nikapiga mhuri mara mbili, mmoja kwenye saini na mwingine kwa heshima. Mgambo akaenda akaisoma kaburini kwa sauti ya gwaride. Mimi nikamaliza ripoti yangu, nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake nikamsalimia jirani yangu, Bibi Minza, mjane aliyekuwa akiishi peke yake upande wa pili wa ua wa minyaa. Tulizoea kuamkiana kila asubuhi, "Mwangaluka," naye ananijibu na kuuliza mtoto kalalaje. Siku hiyo aliniangalia, akaangalia chini, akaingia ndani. Nikadhani anaumwa. Kisimani wanawake walijaza ndoo zao harakaharaka wakaondoka, wengine ndoo nusu. Mwenye mashine ya kusaga alipoona nimeingia na debe langu la mahindi akazima injini. Dukani nikaomba chumvi, muuzaji akaanza kupanga upya sabuni kwenye rafu kana kwamba hakuna mtu mbele yake. Nikarudi nyumbani na debe langu kichwani.

Siku ya pili moto ukanizimikia. Wakati ule kiberiti kilikuwa bidhaa ya foleni, hivyo moto ukizima unachukua kigae unakwenda kuomba kaa kwa jirani. Nilizunguka nyumba sita. Katika kila nyumba nilikuta mlango ukisukumwa taratibu kabla sijafika. Salma akala matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu, yaliyobaki kwenye kikapu, akaanza kulia anataka uji. Nililia pamoja naye, siwafichi. Nilikuwa serikali, na sikuweza kuchemsha uji.

Asubuhi ya siku ya tatu nikakuta kigae kimewekwa chini ya ua wa minyaa, ndani yake makaa matatu yamefunikwa majivu. Sikuona mtu. Siku ya nne vilevile, na ya tano.

Siku hiyo ya tatu Mwenyekiti wa kijiji alikuja ofisini. Kwa desturi tulikuwa tukikaa meza moja. Akaingia bila kunisalimu, akapita mpaka pembeni ilipoegeshwa baiskeli ya ofisi, akavua kofia.

"Baiskeli," akasema, "shikamoo. Nimekuja kukwambia wewe, kwa sababu wewe hujatengwa."

Mimi ni Mzaramo, utani naujua, lakini uso wake haukuwa wa utani.

"Kuna mtu hapa," akaendelea, mkono kwenye usukani, "alikuwa mwendo mfupi tu kutoka msibani, mzima wa afya, akatuma karatasi. Kukosa msiba ni kosa. Kutuma mtu akukosee msiba ni kosa kubwa zaidi. Dagashida imekaa. Asisalimiwe, asipewe moto, asisagiwe, asiuziwe kitu. Atakayevunja, naye anatozwa. Hata mimi Mwenyekiti."

"Dagashida ndiyo nini?" nikauliza. Akaangalia kengele ya baiskeli.

"Baiskeli, wewe ni mgeni, acha nikueleze." Hapo ndipo Mwenyekiti yule, Mungu amrehemu, alipoipa darasa baiskeli, nami nikasikiliza kwa nyuma. Nimepitia kozi nyingi za uongozi baadaye, zenye chai na vitafunwa, na hakuna iliyonifaa kama ile.

Alisema zamani kulikuwa na ntemi, mtawala wa nchi. Watu wa nje wakimwona ntemi walidhani ndiye mwisho wa maneno, kumbe aliteuliwa na banang'oma, wazee waliotunza ngoma ya utawala, na mara nyingi hawakumpa mtoto wake bali mtoto wa dada yake, ili nyumba moja isijizoeshe. Waliomweka waliweza kumtoa, na alipokosea walimtoza. Chini yake palikuwa na ng'wanangwa, msimamizi wa kijiji, aliyegawa ardhi na kuamua mashauri. Na pembeni alikuwepo nsumba ntale, ambaye hakutoka ukoo wa watawala hata kidogo. Huyo alichaguliwa na vijana wenyewe, kwa kuonekana kazini, na kazi zote za pamoja zilikuwa mikononi mwake: kulima, kujenga, kuzima moto wa porini, kuzika. Jambo likiwahusu wote, wote walikaa dagashida, yaani baraza la kijiji, likazungumzwa mpaka liive.

"Baada ya Uhuru serikali ikaufuta utemi," Mwenyekiti akaiambia baiskeli. "Ikamfuta ntemi, ikamfuta ng'wanangwa. Unajua kwa nini hawakumfuta nsumba ntale?"

Akaigonga kengele kwa kidole, kama anayeiamsha baiskeli.

"Hakuwa na mshahara. Walifuta walioandikwa kwenye orodha. Yeye hakuwa ameandikwa popote." Akavaa kofia. "Na hiyo ngitili, baiskeli, ilifungwa na dagashida kabla wewe hujatengenezwa kiwandani. Anayeingiza ng'ombe anatozwa dume. Usije ukadhani ni tangazo la ukutani."

Alipofika mlangoni akaongeza, akiwa amenipa mgongo, kwamba aliyetengwa hujipeleka mwenyewe, na mbuzi wake, na hasemi mpaka asemeshwe. Dagashida ingekaa Ijumaa, kwenye uwanja wa josho la ng'ombe.

Laiti ningeanza kutafuta mbuzi siku hiyohiyo. Lakini nilikuwa na hasira za ujana na elimu ya cheti. Nikapanda baiskeli mpaka tarafani, nikamweleza Katibu Tarafa yote. Alisimama.

"Serikali haitengwi, Mama. Umenisikia? Leo wamekutenga wewe, kesho watanitenga mimi, keshokutwa Mkuu wa Wilaya atakosa moto wa kupikia. Niletee majina matano ya viongozi wao. Ijumaa nakuja na polisi, wanakwenda kulala ndani, na hiyo dagashida yao inakufa siku hiyo."

"Sawa, mzee," nikasema. Na wakati ule moyo wangu uliridhika.

Usiku ulipita tu, kazi ilikuwa mchana wa kesho yake, nilipoweka karatasi mbili na kaboni katikati. Nikaandika: 1. Masunga. Nikafikiria wa pili. Muuzaji chumvi? Naye alitii tu. Mwenye mashine? Mwenyekiti aliyezungumza na baiskeli? Nikafungua daftari la wakazi, nikapita kaya moja baada ya nyingine, na kila kaya niliyoifikia ilikuwa imeninyima kitu. Nikafika kaya ya Bibi Minza. Hapo nikasimamisha kalamu, kwa sababu kigae chake kilikuwa bado kipo jikoni kwangu. Nikaelewa kwamba Masunga akifungwa, kesho mtu ataingiza ng'ombe kwenye ngitili, na hakuna atakayemzuia. Mimi sikuweza kumzuia hata mbuzi. Na nikaelewa jambo la pili, dogo zaidi, lililoniuma zaidi: walikuwa na haki. Palikuwa na mtu amekufa, nami nilikuwa naandika.

Nikachana ile karatasi. Nikaandika nyingine: *Nakiri kupokea agizo lako. Baada ya uchunguzi, waliohusika ni kaya zote za kijiji isipokuwa yangu. Kwa kuwa kosa ni la kaya hiyo moja, naomba kulishughulikia.* Nikapiga mhuri mara moja tu.

Sasa ikabaki shida ya mbuzi, maana faini inataka mbuzi na mtu aliyetengwa hauziwi mbuzi. Ilinibidi niendeshe baiskeli mpaka mnada wa kijiji cha mbali, Salma mbele kwenye bomba, nirudi na mbuzi dume amefungwa kwenye keria akilia njia nzima. Watu waliokutana nasi barabarani walitazama pembeni, lakini mabega yao yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Ijumaa nikaenda uwanja wa josho. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma, mimi nikasimama na mbuzi katikati. Masunga hakukalia kiti. Alichuchumaa kama wengine.

"Mayu, ulikuwa wapi siku ya msiba?"

"Ofisini."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Sikuwa naumwa."

"Mtoto aliumwa?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa na nini?"

"Nilikuwa na ripoti."

Hakuna aliyecheka. Masunga akachora kitu mchangani kwa kijiti, akakifuta. "Yule uliyemwandikia barua," akasema, "aliitwa nani?"

Wanangu, nimewahi kuulizwa maswali na wakaguzi, na mahakimu, na waziri mmoja. Sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Nilikuwa na daftari la wakazi la kijiji kizima, na sikulijua jina la maiti. Nikasema, "Sijui."

"Holo," akasema Masunga. "Aliitwa Holo. Ndiye aliyefuma kapu unalowekea mafaili yako."

Nikaanza kulia pale pale mbele ya mbuzi. Masunga akaniacha nilie, kisha akasema kwa sauti ya utani, "Mzaramo, mtani wangu, usitumalizie maji ya josho. Ungekufa wiki hii ungezikwa na mhuri wako peke yake!" Hapo ndipo watu wakacheka, na kicheko kile nilikisikia kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Kabla hawajatamka faini Bibi Minza akasimama kule nyuma. Wanawake hawakuwa na kawaida ya kusema pale, kwa hiyo uwanja ukatulia.

"Mimi nilimpa moto," akasema.

"Lini?"

"Siku ya tatu. Na ya nne. Na ya tano."

"Katazo ulilijua?"

"Nililijua. Lakini mtoto hakukosa msiba wa mtu."

Wazee wakainamiana, wakanong'ona muda mrefu. Masunga akainuka. Nilimwona hapendi atakalolisema. "Katazo ni katazo. Bibi, utatoa kuku mmoja."

Bibi Minza akafunua khanga yake, akamtoa kuku. Alikuwa amekuja naye.

Mimi nilitozwa yule mbuzi, na kuchota maji ya nyumba ya Holo kwa siku saba, mimi mwenyewe, kwa kichwa changu. Mbuzi akachinjwa hapohapo, maana faini ya dagashida hailimbikizwi, huliwa na wote, pamoja na aliyeitoa. Nilikuwa nimeshika sinia nagawa nyama ndipo pikipiki ya Katibu Tarafa ilipoingia, nyuma yake gari la polisi. Hakuwa amepata barua yangu, au aliipata akaipuuza, sikujua kamwe.

"Mama, umeidhalilisha serikali," akaniambia, injini inanguruma.

Nikamsogezea sinia. Masunga akachukua kipande cha ini kwenye sinia langu, akamwendea. "Karibu, mzee. Hapa haondoki mtu bila kuonja. Hata ntemi alionja." Katibu Tarafa alimtazama, akawatazama watu wote wale waliokuwa wanatafuna kimya. Akazima pikipiki, akala. Wale askari wawili walikula zaidi yake.

Hakumkamata mtu. Ila wiki mbili baadaye nilipokea barua ya karipio, na nakala yake ikaingia kwenye jalada langu. Karipio hilo lilinichelewesha kupanda cheo, na silijutii.

Sisemi kwamba utawala ule ulikuwa asali tupu. Ulikuwa na giza lake. Miaka mitatu baada ya hapo minong'ono ilianza juu ya Bibi Minza huyohuyo, eti macho yake mekundu, eti ng'ombe wa fulani wamekufa. Macho yalikuwa mekundu kwa kupikia samadi ya ng'ombe miaka hamsini, na ninyi wa ukanda huu mnajua minong'ono kama hiyo imewafikisha wapi bibi wengi. Safari hii nilisimama katikati ya dagashida bila kuitwa. Nilikuwa nimekwisha kula mbuzi wao, kwa hiyo nilikuwa na mdomo. Nikasema, "Anayemtaka Minza aanze na mimi, na mimi nazikwa na mhuri." Masunga akaja kusimama kando yangu. Minong'ono ikaisha. Bibi Minza alikufa kwa uzee, kitandani kwake, na maji ya msiba wake nilichota mimi.

Baadaye nikahamishwa. Nilikaa Bugarama, wakati ambapo kila mtu alikuwa anazungumza habari za mgodi mkubwa na vijana hawakutaka tena kusikia pembe ya kulima. Nikaja Katoro, mji usiolala wala kuuliza mtu anatoka wapi, nikiwa Mtendaji wa Kata. Halafu Nyarugusu, kwa wachimbaji wadogo. Kila kituo nilichofika, nilipokwisha kusaini makabidhiano, swali langu la kwanza kwa anayeondoka lilikuwa moja: "Akifa mtu hapa, nani anapiga pembe?" Wengine walidhani nimechanganyikiwa.

Nyarugusu nilidhani sitakuta kitu, kwa kuwa watu wote pale ni wa kuja, Mha kwa Mkurya kwa Mnyaturu, kila mmoja kafuata dhahabu yake. Mwezi wa kwanza tu akafa kijana wa Kigoma kwa malaria, hana ndugu wala simu ya nyumbani kwao. Asubuhi hiyo niliona kila duara, yaani kila shimo la kuchimbia, limenyamaza. Hakuna aliyeshuka. Karasha za kusagia mawe zimezimwa. Mzee mmoja wa mashimo, Mkurya mwenye sauti ya radi, alikuwa anapanga watu: ninyi kaburi, ninyi sanda, ninyi mkamtafute shehe. Hakuwa na cheo kwenye karatasi yoyote niliyokabidhiwa. Nikachukua ndoo yangu nikamwendea.

"Mimi Mtendaji mpya. Nichote wapi?"

Akanitazama kuanzia kichwani. "Mtendaji wa nini unachota maji?"

"Wa hapa," nikamjibu. Toka siku ile sikuwahi kupata shida ya kuitisha mkutano Nyarugusu.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini. Wilayani walinipa cheti, shuka na hotuba. Nilirudisha mhuri, nikapanda basi, nikarudi kwenye kijiji kile cha Shinyanga. Ndugu zangu wa Kisarawe walishangaa. Salma, ambaye sasa ni mwalimu, alinielewa bila maelezo, labda kwa sababu ule uji wa makaa ya siri ulimkuza yeye.

Masunga amefariki mwaka huu, tulipokuwa tunavuna mpunga. Habari niliipata kwenye simu, katika kundi la WhatsApp la kijiji. Juu kulikuwa na picha ya mshumaa. Chini yake Mtendaji wetu wa sasa, kijana mpole mwenye shahada, alikuwa ameandika: *Ofisi ya Serikali ya Kijiji imepokea kwa masikitiko makubwa.* Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha kicheko kikaisha machozi yakabaki. Nikachukua ndoo mbili, magoti yangu haya haya mabovu, nikaenda ofisini.

"Shikamoo, Mama Salma."

"Marahaba. Msibani unakwenda saa ngapi?"

"Nimemtuma mwenyekiti wa kitongoji aniwakilishe, Mama. Nina ripoti inatakiwa wilayani kabla ya saa nane."

Nikaiweka ndoo moja juu ya meza, kando ya kompyuta yake. "Hata mimi nilikuwa na ripoti," nikamwambia. "Kiti hichohicho."

Nilimweleza kwa kifupi. Alikuwa mtu wa adabu, akasikiliza, halafu akauliza swali la mtu aliyesoma: "Na hiyo ripoti, Mama, ilihusu nini?"

Nikahesabu miaka kwa vidole.

"Sijui, mwanangu. Sikumbuki hata kichwa chake. Lakini yule bibi aliitwa Holo."

Akaangalia kompyuta, akaangalia ndoo. Kisha akaifunga kompyuta, akachukua ndoo kubwa, akaniachia mimi ile ndogo.